Takataka wa Bi Somoe

Huku Auburn, Australia, siku chache kabla ya lori la manispaa kupita, watu hutoa vitu vyao nje na kuvirundika ukingoni mwa barabara. Si uchafu wa jikoni, huo una mapipa yake. Ni makochi, mazulia, mafeni yasiyozunguka, magodoro yenye ramani za mikojo ya watu. Na watu wengine, watu wazima wenye kazi zao, wanapita na magari polepole wakichagua. Mimi hili sijalizoea, na sina mpango wa kulizoea. Mtu anakwenda kulalia godoro alilotapikia mtu asiyemjua, halafu anakwambia leo kapata bahati.

Juzi ilinyesha mvua, kisha likatoka jua kali, na yale marundo yakaanza kufuka mvuke. Nimekaa jikoni nachambua mchele, mwanangu Hamisi akaingia kabeba kitanda cha mtoto, kinachuruzika maji, na kigodoro chake bado kimo ndani. Mkewe ana mimba, tumbo limemfika kooni.

"Mama, hebu ona. Kizima kabisa, na cha bure."

"Umekitoa wapi?"

"Hapo nje, kwenye vitu vilivyotolewa."

"It's free, Bibi!" mjukuu wangu akadakia, kana kwamba mimi ndiye nisiyefahamu maana ya bure.

"Kirudishe," nikamwambia Hamisi. "Mtoto atalalaje jaani?"

Hamisi akacheka. Yeye neno jaa kwake ni neno tu. Kwangu lilipotoka mdomoni, na kile kigodoro kinanuka pale mlangoni, mkojo wa zamani na majani yaliyooza na nguo iliyolowa, nilikuwa nimeshaondoka Auburn. Nilikuwa mdogo, miguu mitupu, nimesimama ukingoni mwa jaa la kambi yetu, nimeziba pua kwa vidole viwili, namtazama mama akimtupa mdogo wangu.

Kambi yetu ilikuwa Tanga, katikati ya mashamba ya mkonge. Wenzangu mliokulia makambini mnaijua korona. Vijana wakisikia wanadhani naongelea ule ugonjwa. Korona kwetu ni kiwanda kinachokamua mkonge, jani linaingia bichi, linatoka singa nyeupe, na makapi yanatiririka mferejini yakioza. Uvundo wake ulikuwa unaingia kwenye chai. Baba alifanya kazi humo, na hata akioga kwa sabuni nzima, akikaa karibu yako unajua katoka wapi.

Mama alikuwa amezaa wawili baada yangu, na wote wawili hawakufika kutambaa. Alipozaa tena, mtoto wa kiume, mnene, ana vishimo mashavuni, wanawake wa kambi wakakaa uani wakanong'ona, na walipoinuka ikawa imeamuliwa kwamba mtoto atupwe. Mimi hakuna aliyenieleza kitu. Enzi zetu mtoto haelezwi, anaambiwa pisha.

Asubuhi mama akamfunga mtoto kwenye kipande cha gunia, akamlaza katika ungo mbovu, akaenda naye jaani, nami nyuma yake. Akamweka juu ya majivu na maganda na vichwa vya dagaa. Akageuka, akarudi nyumbani bila kutazama nyuma. Nzi wakamshukia. Mara akatokea Bi Somoe, jirani yetu, mjane mnene, mwenye sauti ya kugomba hata akikusalimia. Akajifanya anapita na hamsini zake.

"Ala! Takataka gani hii watu wametupa hapa?" akasema kwa nguvu. "Inanuka! Ina uso kama kiatu kilicholiwa na panya! Haina mwenyewe? Basi nachukua mimi, nitajua pa kuiweka."

Akamchukua, akaja naye moja kwa moja mpaka kwetu. "We mwanamke, nimeokota takataka yangu jaani. Una maziwa?"

"Ninayo kidogo," mama akajibu. Hata macho hakuinua.

"Niwekee basi."

Tangu siku hiyo jina lake likawa Takataka. Mchana alikaa barazani kwa Bi Somoe, na mbele za watu mama alimpita kama anavyopita kuni. Kunyonyesha kulikuwa chumbani, pazia limeshushwa. Nilipouliza, mama akanijibu mara moja tu, na kwa hasira: "Kuna mtu anachukua watoto. Wale wadogo zako wawili kawachukua yeye. Huyo mtu hachukui kinachonuka, wala hachukui kisicho na mwenyewe. Mpaka huyu atakapotembea, mimi simjui na wewe humjui. Umesikia?"

Nilisikia, tena vibaya. Kwanza nilisadiki kwamba Takataka ni takataka kweli. Nilikuwa namchungulia masikioni nikitafuta ganda la ndizi. Nilikataa kumbeba mgongoni, na mama akimshika kisha akanipa tonge, tonge nalikataa. Pili, huyo mtu anayechukua watoto nilimpa miguu. Nilijua ana miguu, ana kofia, na ana mfuko.

Sasa pale kambini alikuwepo mzungu mmoja, injinia wa mashine za korona, na mkewe. Mpishi wao alikuwa Bwana Athumani, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha jikoni. Vyombo vyote na vyakula vyote alivijua, na maneno kama chafu, tupa, osha, kwisha. Mke wa injinia alikuwa amemwona Takataka barazani, akamuuliza mtoto yule mbona yuko kwa bibi kizee. Bwana Athumani alitusimulia mwenyewe kwa majivuno alivyomjibu: "Mama tupa. Jaani. Bibi okota. Kwisha."

Uongo hapo haupo hata kidogo. Kila neno ni kweli. Mke wa injinia akalia, akampelekea habari dada yake kwao, dada aliyekuwa kahangaika miaka na miaka hapati mtoto. Na dada huyo na mumewe wakapanda ndege wakaja kuasili mtoto.

"Kuasili ndiyo nini?" Bi Somoe akamuuliza Bwana Athumani. "Kumpaka asali?"

"Kumchukua awe wao. Wanakwenda naye kwao moja kwa moja."

"Mtoto yupi?"

"Huyo Takataka wako."

Bi Somoe alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamtazama mama aliyekuwa anafua, na kicheko kikakatika. Mama alikuwa ameacha kufua, mikono imo ndani ya povu, haitikisiki.

"Wanatoka wapi?" mama akauliza.

"Sydney," akasema Bwana Athumani.

Mimi nikasikia Sindano. Nikajua basi, ndiye. Anayechukua watoto kumbe anakaa Sindano, na sasa amekata shauri kuja mwenyewe.

Walikuwa wawili. Mke alikuwa mrefu kupita kiasi, shingo kama ya korongo, tukamwita Bi Mrefu. Mume tukamwita Bwana Leso, na niacheni niseme kwa nini. Alikuwa ana mafua. Anatoa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, anapenga ndani yake kwa mlio kama wa lori, anakifungua anaangalia alichopata, anakikunja vizuri, anakirudisha mfukoni. Mfukoni! Mwanamume mzima anatembea na makamasi yake kama mtu aliyebeba akiba. Sisi tulikuwa tunapenga chini, tunafukia kwa mchanga, kwisha. Baadaye anakitoa kitambaa kile kile anajifuta nacho jasho usoni. Watoto wote tulisema "Aaah!" kwa pamoja, naye akadhani tunamshangilia, akatupungia mkono.

Walikuja kwa Bi Somoe na viatu, wakapanda navyo mkekani. Mbwa wa injinia aliwafuata, akamlamba Bi Mrefu mdomo, naye akacheka, na kwa mdomo ule ule akaja kumbusu Takataka. Bi Somoe akafumba macho. Alipoyafumbua, mgeni alikuwa anatafuta pa kukaa, akaiona mbuzi ya kukunia nazi imewekwa pembeni. Akadhani ni kigoda cha mgeni. Akakaa. Kwa kinyume. Ule ulimi wa chuma ukaishika sketi yake, naye alipoinuka sketi ikabaki. Tuliona chupi yenye maua ya njano. Bi Mrefu alicheka mpaka machozi, akajifunga kanga ya Bi Somoe, akaketi mkekani kama kwao. Mimi sikucheka. Bi Somoe aliisugua mbuzi ile kwa majivu, akaisugua tena, kisha akaitupa akaazima ya jirani. "Siwezi kula nazi iliyokaliwa," akasema.

Bwana Leso naye tumbo likamkataa. Siku nzima tulimwona akitoka nyumba ya injinia mbio na karatasi yake mkononi, anarudi nusu njia, anageuka mbio tena. Tulipojua ile karatasi ni ya nini, na kwamba hatumii maji, mwenzangu mmoja alitapika. Nasema kweli. Na huku Australia nimekuta ndivyo walivyo, na nyumba wanazo za ghorofa na mabomba ya maji moto na baridi. Kopo la maji chooni kwangu nimelinunua mwenyewe, na mgeni akiliona ananiuliza Bibi, unapanda maua?

Lakini tuyaache hayo. Mimi nilikuwa na kazi. Nilijua anayechukua watoto hachukui kinachonuka, na nilimwona Takataka amepakwa mafuta, ananukia, maana Bi Somoe alimwandaa kwa wageni kwa kuona haya. Nikamwona mama kwa dirisha, amekaa kitandani mchana, jambo ambalo hakulifanya hata akiumwa. Basi walipopanga kuja tena, nikatangulia mimi. Nilichukua maji ya kuoshea dagaa yaliyolala, nikachukua mavi ya kuku na majivu, nikamkandika Takataka kuanzia utosini. Nilipaka huku nageuza uso, natapika mate. Kichwa cha dagaa kimoja nikakichomeka sikioni. Yeye anacheka tu, anapiga miguu.

Bi Mrefu akaja. Akamwona. Nzi wametanda. Nikasubiri azibe pua, apande gari, arudi Sindano.

Akaanza kulia. Analia anasema maneno yake, anampakata vile vile, gauni lake jeupe likawa la rangi ambayo siisemi. Akamwambia Bwana Athumani alete beseni. Akamwogesha mwenyewe kwa mikono yake, na sabuni yake ya kunukia, akamtoa kile kichwa cha dagaa sikioni kwa ncha ya kidole kama anatoa kito. Alipomaliza, Takataka aling'aa. Na Bi Mrefu akamnyanyua juu mbele ya kambi nzima, akasema neno la Kiswahili alilojifunza, alisema kwa sauti ya wimbo:

"Takataka! Mzuri! Mzuri sana! Mzuri kuliko wote!"

Mnajua wenyewe. Hakusema mashaallah, hakugusa ardhi, kamnyanyua juu kabisa ili kila jicho limfikie. Wanawake wote wakakimbilia. "Mbaya! Mbaya huyo! Tu! Tu!" wakamtemea mtoto mate, huyu upande huu, yule upande ule. Bi Somoe akamtemea hasa, akamlowesha. Nikamwona Bi Mrefu anavyotutazama. Lile jicho nalijua, maana ndilo nililokuwa namtazamia mumewe siku zote zile. Alikuwa anaona kinyaa. Watu wazima wanamtemea mate mtoto mchanga aliyetoka kuoga! Akamfunika kwa shali yake, na uso wake ukasema: lazima nimtoe hapa.

Mama aliona yote kutoka mlangoni kwetu. Hakusogea. Angesogea angekuwa anamjua.

Akaja afisa wa ustawi kutoka mjini, kijana aliyevaa tai, jasho linamtoka. Tukaitwa barazani kwa injinia. Walikaa Bi Mrefu na Bwana Leso upande mmoja kwenye viti, Takataka amepakatwa na Bi Mrefu tangu asubuhi. Upande wa pili Bi Somoe na mama, wamekaa sakafuni, na mimi miguuni mwa mama. Baba alikuwa zamu, na hata angekuwepo, haya yalikuwa mambo ya wanawake. Bwana Athumani kasimama katikati, kavaa kanzu ya sikukuu, kutafsiri.

"Mtoto huyu ni wa nani?" afisa akauliza.

"Wangu," akasema Bi Somoe.

"Umemzaa wewe?"

"Mimi? Nimzae na magoti haya? Baba, una wazimu? Nimemwokota."

"Wapi?"

"Jaani."

Bwana Athumani akatafsiri. Bi Mrefu akamkumbatia mtoto zaidi.

"Nani alimtupa?"

Bi Somoe akatazama dari. Baraza zima likamtazama mama.

"Wewe, mama. Ulimtupa mtoto huyu jaani, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo," mama akasema.

"Kwa nini?"

"Ananuka."

"Nuka," akatafsiri Bwana Athumani. Bwana Leso akatoa kitambaa chake akapenga.

Afisa akafunga kalamu. Akachuchumaa mbele ya mama, akateremsha sauti. "Mama yangu, nisikilize. Hata kwetu mambo haya yapo. Mimi mwenyewe nina shangazi anaitwa Tupa. Najua. Lakini hawa hawajui, na mimi siwezi kwenda mjini nikasema najua tu. Sema neno moja, sema wangu, sema mbele yao, na mimi nafunga shughuli wanarudi kwao. Usiposema, mtoto huyu hana mwenyewe. Ataondoka nao. Umenielewa? Hutamwona tena."

Nilikuwa nimeegemea goti lake. Alifungua mdomo, na nikaona ulimi wake ukigusa meno, kisha mdomo ukafunga. Wale wawili wa mwanzo, mama aliwaita wangu. Aliwaimbia, aliwavika shanga, aliwaonyesha watu. Akisema wangu hapa, na yule mtu anasikia, kwake hiyo ilikuwa sawa na kumchimbia kaburi kwa mkono wake. Asiposema, anakwenda Sindano. Afisa alidhani anamwomba neno moja.

"Simjui," mama akasema. "Ni takataka tu."

Bi Somoe akaanza kulia kwa sauti, kisha akakumbuka hatakiwi kulia, akajifanya anakohoa.

Afisa akainuka, akapanguza magoti, akafungua tena kalamu yake. Na hapo Takataka akashikwa na njaa. Alikuwa hajanyonya tangu alfajiri. Bi Mrefu alikuwa amejiandaa. Akatoa chupa ya maziwa ya unga, yale ya kopo, yana harufu kama ya kuta mpya. Akampa. Mtoto akaitema ile chuchu ya mpira. Akampa tena, mtoto akageuza uso, akakaza mgongo, akalia kile kilio cha hasira kinachopanda ngazi. Maziwa ya kopo yakamrudi, yakamwagika shingoni, yakaganda hapo hapo kwa joto, yananuka uchachu. Bwana Leso akasogeza kiti chake nyuma.

Mama alikuwa anatazama sakafu. Alitazama sakafu kwa nguvu zake zote. Lakini mwili hauambiwi simjui. Nilihisi tone likaniangukia begani, la moto. Nikadhani analia. Nikainua macho, na macho yake yalikuwa makavu. Kanga yake ndiyo ilikuwa imelowa, pande zote mbili, viduara viwili vinakua vinakua mpaka vikakutana, na maziwa yanapita kwenye kanga yanachuruzika tumboni, yanadondoka sakafuni kwa injinia. Na mama hayafuti, hajifuniki, kakaa kama jiwe. "Ni takataka tu," akarudia, na hakuna aliyemuuliza.

Bwana Athumani akageuza uso ukutani. Afisa akatazama kalamu yake. Bwana Leso alikunja pua, akamnong'oneza mkewe kitu kwa haraka, kama mtu anayesema hebu tumalize tuondoke. Mimi mwenyewe niliona aibu mpaka nikatamani kuingia chini ya sakafu.

Bi Mrefu peke yake ndiye aliyeendelea kutazama. Alitazama kanga ya mama. Akamtazama Bi Somoe, kizee mwenye matiti yaliyokauka. Akatazama wanawake waliokuwa wamejazana nje ya baraza, wale wale waliomtemea mate mtoto, wote wamebana midomo. Kisha akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Labda aliikumbuka harufu ya dagaa mikononi mwangu. Niliona kitu kikipita usoni pake polepole. Hakuna aliyemtafsiria. Bwana Athumani maneno yake yalikuwa yameisha.

Akasimama. Urefu wote ule ukasimama. Mumewe akamshika kiwiko, naye akakichomoa. Akaja mpaka tulipokaa, akapiga magoti na gauni lake, na mtoto analia mikononi. Nilidhani atampa mama. Mama naye alidhani hivyo, maana nilimwona anajivuta nyuma kwa hofu.

Hakumpa mama. Alimpa Bi Somoe. Akamweka mapajani mwake vizuri, akatengeneza kichwa. Kisha akashika pua yake ndefu kwa vidole viwili, akakunja uso mzima, uso umejaa machozi, na akasema kwa nguvu, wote tusikie, na mwingine yeyote aliyekuwepo asikie:

"Mbaya! Mbaya sana. Takataka. Sitaki."

Na akageuka pembeni, akatema mate sakafuni kwa dada yake. Hakujua kutema, yalimwangukia kidevuni.

Bwana Leso kaachama mdomo. Mama akainua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama yule mwanamke, wakatazamana.

"Hata sisi hatumtaki," mama akasema.

"Nani amtake huyu?" akadakia Bi Somoe, anapangusa machozi kwa mguu wa mtoto. "Uso kama kiatu!"

"Sasa," afisa akauliza, "mimi niseme mtoto ni wa nani?"

"Wa jaani, baba. Tunamrudisha jaani."

Waliondoka kesho yake, Bwana Leso na kitambaa chake, na sijui waliwaambia nini watu wa kule kwao. Tangu nihamie huku, nikipanda treni ya kwenda Lidcombe na akaingia bibi kizee mrefu wa kizungu, namwangalia shingo. Sijui nikimwona nitamwambia nini. Mtoto yule alikuja kutembea, akasoma, akaoa, ana wajukuu kunishinda. Jina lake la haki silitaji hapa. Aliyetakiwa kunipa ruhusa ni mama, na mama alikufa hajasema kama sasa tunamjua.

Siku ile tulishuka ngazi za injinia kwa mwendo wa kawaida, Bi Somoe mbele na takataka yake inayolia, mama nyuma kabisa kama mpita njia. Tukapita uzio, tukapita mfereji wa makapi. Tulipozunguka safu ya kwanza ya mkonge, ambapo hakuna dirisha linaloona, mama alimnyakua mtoto mikononi mwa Bi Somoe kama mwizi, akakaa chini pale pale kwenye vumbi jekundu, akafungua kanga.

Nikasogea kuangalia. Mtoto alikuwa ananuka vibaya, sabuni ya kizungu na maziwa yaliyochacha na mate ya wanawake na jasho, na mama kaingiza pua yake yote shingoni mwake, kwenye mikunjo ile ile yenye uchafu, anavuta.

"Mama," nikamwita.

"Geuka huko," akasema, hajainua uso. "Unaangalia nini? Hapa hakuna kitu."

Nikageuka nikatazama mkonge, na nyuma yangu nikamsikia anameza.